Isolo kwa Mkono wa Kushoto

Mtu aliyepata kiharusi mara nyingi huweza kufunga ngumi kabla hajaweza kuifungua. Ndugu wanaona vidole vimeanza kushika, wanashukuru Mungu, halafu wanashangaa mkono ule ule unavyong'ang'ania kikombe na kukataa kukiachia. Misuli inayokunja vidole imekaza kupita kiasi, na ile inayovinyoosha bado ni dhaifu. Nilipoanza kazi ya utengamao nilikuwa nampa karibu kila mgonjwa wa namna hiyo mpira wa kuminya. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kushika wameshaweza, na kilichobaki ni kuachia.

Sasa mtoe mzee mmoja wa namna hiyo kitandani, mpeleke chini ya mti na umwekee ubao wa isolo, bao la Wasukuma. Mkono wake wa kushoto, ule ulioguswa na kiharusi, uchote kete na kuzidondosha moja moja, shimo kwa shimo. Kila kete inayodondoka imemlazimu kunyoosha kidole gumba na cha shahada. Anahesabu, anakumbuka zamu, anajizuia asielemee upande mmoja. Mbele yake amekaa rafiki wa miaka mingi anayemtania kwamba leo haondoki na kete hata moja. Zoezi la kunyoosha vidole mara 10 wodini lilimchosha. Hapa atafanya hivyo mara 100 na kudai mchezo wa pili.

Hiyo ndiyo burudani tiba: kutumia mchezo, ngoma, sanaa au mapumziko kwa makusudi, ili mtu arudishiwe uwezo wake na nafasi yake kati ya watu. Huko Marekani na Kanada fani hii ina shahada zake, na Marekani ina baraza la kuwathibitisha wataalamu wake tangu 1981. Historia yake imeshikana na vita. Mwaka 1946 mchezo wa goliboli, unaotumia mpira wenye kengele ndani, ulibuniwa Ulaya kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Mwaka 1948, siku ileile Olimpiki ilipofunguliwa London, daktari Ludwig Guttmann aliwakusanya watu 16 wenye majeraha katika hospitali ya Stoke Mandeville washindane kulenga shabaha kwa upinde. Mbegu ile ndiyo iliyozaa Paralimpiki, iliyofanyika kwa mara ya kwanza Roma 1960.

Mwanafunzi wa fani hii husoma mwili na magonjwa, husoma saikolojia, kisha hujifunza kazi yenyewe kwa hatua nne: kupima, kupanga, kutekeleza, kutathmini. Moyo wa kazi uko kwenye kupima. Unamuuliza mtu alikuwa akipenda nini kabla ya kuumia, anacheza na nani, nani humbeba au humsukuma, na siku yake hupitaje. Baada ya hapo unauvunja mchezo vipande vipande, kama nilivyouvunja isolo hapo juu, uone kila kipande kinadai nini kwa mwili na kwa akili. Vidole havishiki kete? Tafuta kete kubwa zaidi na uchimbe mashimo mapana ardhini. Mzee hauoni upande wa kushoto, jambo ambalo kiharusi huleta mara nyingi? Anza na kete za kati, kisha umvutie kidogo kidogo kuelekea upande ule.

Bariadi, mkoani Simiyu, ina masharti yake, na kitabu kilichoandikwa Ulaya hakitamfundisha mtu masharti hayo. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa mvua hunasa magurudumu ya kiti mpaka yasizunguke, kwa hiyo mpango wa masika lazima uwe wa barazani. Wakati wa palizi hakuna mzazi wa kumleta mtoto kituoni, maana wote wako shambani. Pamba ikishauzwa, watu wana nafasi na ngoma zinaanza, na hapo ndipo pa kuweka shughuli kubwa za mwaka. Mtoto mwenye ualbino achezeshwe jioni, akiwa na kofia na shati la mikono mirefu. Mtoto asiyeona mfungie mpira wa kawaida ndani ya kifungashio cha plastiki, aufuate kwa mchakarisho wake. Mwenye mtindio wa ubongo mpe udongo wa mfinyanzi afinyange ng'ombe, kama wafanyavyo watoto wanaochunga. Asipimwe kwa uzuri wa pembe za ng'ombe wake. Angalia kama mikono yote miwili ilifanya kazi pamoja.

Kijana wa Maswa au Itilima anayetaka kazi hii hupitia fani jirani. Hospitali ya KCMC, Moshi, inafundisha fiziotherapia na tiba kwa vitendo. Patandi, Arusha, inafahamika kwa ualimu wa elimu maalumu. Karibu zaidi na nyumbani, upande wa pili wa mpaka wa mkoa, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba. Mimi ningemshauri achukue tiba kwa vitendo kama msingi, kisha likizo zake azitumie kujifunza ngoma kwa manju wa kwao.

Asidhani anasomea jambo la ziada. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, kinazitaja burudani na michezo kuwa haki. Wala asidhani kila mtu anataka kombe. Tulifurahi Tembo Warriors, timu yetu ya taifa, walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la soka la watu wenye ulemavu nchini Uturuki mwaka 2022, na furaha ile ilikuwa halali. Lakini mama aliyekatwa mguu huko Meatu huenda anachotaka ni kurudi kwenye kwaya.

Au kwenye wigashe. Ngoma nyingi hudai miguu, lakini hii Wasukuma huicheza wakiwa wamekaa, na jina lenyewe linatokana na kukaa. Kazi iko kwenye sauti, mabega, shingo na mikono. Binti aliyepooza miguu akiwekwa katika mstari ule, macho yake yako kimo kimoja na ya wenzake. Mtaalamu ana jambo moja la kulinda, nalo ni ngozi ya makalio, kwa sababu asiyehisi hasikii maumivu ya kukaa sana, na kidonda cha mgandamizo huanza kimyakimya. Binti atainuka kidogo, ataegemea kushoto, ataegemea kulia. Basi mwanafunzi aende kwa manju kabla ngoma haijaanza, amwombe kila baada ya beti chache aweke kipande cha kuyumba, mstari mzima uyumbe pamoja, binti akiwa katikati.