Hati ya Shirika la Biashara

Watu wawili wakishirikiana kununua mashine ya kusaga mahindi, desturi yao ni kupeana mikono tu, kisha kazi huanza. Kuandikiana huonekana ni kutoaminiana. Na wakiwa ni ndugu, anayetaja karatasi hudhaniwa mtu wa fitina. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu ya kuwa dhana hiyo imewaponza wengi, kwa maana hati haiandikwi kwa ajili ya siku za kupatana.

Kwanza ijulikane kwamba shirika lisiloandikwa ni shirika kamili mbele ya sheria. Hapa Tanzania habari za ubia zimo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 mahali pa ile ya Bara Hindi ya mwaka 1872. Sheria hiyo haiwaachi wabia wasio na hati bila masharti. Huwapa masharti yake yenyewe, na hapo ndipo wengi hushtuka.

Tuseme mmoja ametoa shilingi 6,000,000, na mwenzake shilingi 2,000,000. Mwenye nyingi hudhani ya kuwa fungu lake la faida ni robo tatu. Pasipo mapatano, sheria huwagawia sawasawa, faida na hasara pia. Yule wa pili naye, aliyeshinda mashineni tangu alfajiri hata magharibi kwa miaka mitatu, hudai mshahara. Sheria husema mbia hana mshahara kwa kazi ya shirika, ila wakiwa wamepatana hivyo. Basi kila mmoja ana kinyongo chake, wala hakuna aliyesema uongo. Wazee wa baraza watawaamuaje, iwapo maneno ya siku ile yalisemwa bila shahidi?

Jambo la kifo ni zito zaidi. Mbia mmoja akifa, shirika huvunjika, isipokuwa wamepatana vingine. Mjane huja na watoto kuuliza fungu la marehemu; aliyebaki hujibu ya kuwa mashine ina deni, na daftari hakuna. Huenda mtu huyo ni mwaminifu kabisa, lakini hana njia ya kuuthibitisha uaminifu wake. Hati ingalionyesha mali ithaminiwe na nani, warithi walipwe kwa muda gani, na kama kazi itaendelea au la.

Basi katika hati yaandikwe aliyoyatoa kila mmoja, ikiwa ni fedha, kazi au kiwanja. Kiwanja kisisahauliwe! Mara nyingi mashine ni ya wote lakini ardhi ni ya mmoja, naye akikasirika hufunga mlango. Yaandikwe pia mafungu ya faida, nani ashike fedha, na hesabu zisomwe lini. Kuhusu madeni, wajue ya kuwa mbia mmoja akikopa dizeli kwa ajili ya mashine, wote hudaiwa, hata kwa mali zao za nyumbani. Wakiandika kwamba asikope mtu peke yake, neno hilo huwafunga wao wenyewe, wala halimfungi mwenye duka asiyejua habari hiyo.

Wengine hudhani kuandikisha jina la biashara kwa BRELA kumetosha. Kule huandikishwa jina na wenye jina, si mapatano yao.

Walimu ndio waombwao sana kuandika hati za namna hii vijijini. Twawasihi waandike Kiswahili chepesi, na fedha waziandike kwa tarakimu na kwa maneno. Asiyejua kusoma asomewe yote mbele ya mashahidi kabla ya kutia dole gumba, na shahidi mmoja atoke upande wake. Kila mbia apewe nakala yake. Kisha hati ilipiwe ushuru wa stempu, kwa maana isiyolipiwa haipokelewi mahakamani kuwa ushahidi mpaka ushuru wake ulipwe.