Yungiyungi la kienyeji lafaa kidimbwi cha nyumbani kuliko gugumaji

UA la gugumaji linavutia macho, na uzuri huo ndio ulioliponza Ziwa Victoria. Mmea huo wenye asili ya Amerika Kusini ulisambazwa duniani kama pambo la vidimbwi, kisha ukaingia mitoni na ziwani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umetanda katika Ghuba ya Winam, karibu na Kisumu, mashua za wavuvi zikakwama.

Anayechimba kidimbwi nyumbani hana haja ya kurudia kosa hilo. Kenya ina yungiyungi lake la samawati, mmea wa kudumu unaofungua maua asubuhi na kuyafumba alasiri. Zamani yungiyungi hilo lilipamba Ziwa Naivasha. Kamba wa maji baridi kutoka Marekani walioingizwa humo mnamo 1970 walichangia pakubwa kulimaliza.

Tunguu la yungiyungi hupandwa katika karai lenye udongo wa mfinyanzi. Samadi isitiwe, kwani huoza na kuyageuza maji kuwa kijani. Kokoto hutandazwa juu ili udongo usitibuke, kisha karai huteremshwa taratibu. Mche mchanga huinuliwa juu ya matofali, ukashushwa kadiri majani yanavyorefuka, hadi uwe chini ya maji kwa sentimita 30 hadi 60. Huhitaji maji yaliyotulia na jua la takriban saa sita kwa siku. Chini ya mwembe, mwenye bustani ataambulia majani matupu.

Mafunjo nayo hupendeza ukingoni, lakini yana ulafi. Hufika urefu wa mita nne au zaidi na mizizi yake hutambaa; heri yafungiwe ndani ya ndoo isiyo na matundu, la sivyo kidimbwi kidogo kitajaa katika misimu michache.

Kuhusu mbu, samaki wadogo hula viluwiluwi, mradi majani yasifunike zaidi ya nusu ya maji.

Miche ising'olewe ziwani. Tope la mizizi huweza kubeba konokono wanaoeneza kichocho, pamoja na vipande vya gugumaji lenyewe. Ni afadhali kumwomba jirani tunguu wakati anapogawanya yake, kisha kuliosha kwa maji safi kabla ya kulipanda.