Kansa ya taya kwa watoto: damu kidogo badala ya kukata kinyama?

Leo naweka pembeni mambo ya tumbaku. Mtoto wa jirani yetu hapa Sikonge alivimba shavu, wakasema ni jino, likang'olewa. Uvimbe ukazidi, wengine wakasema karogwa. Mpaka anafika hospitali kubwa wiki zimekatika, akakatwa kinyama, halafu wakaambiwa subirini tena majibu. Mimi siyo daktari, nimeishia fomu foo, lakini jambo hili lilinifanya nisome na kuuliza.

Ugonjwa wenyewe ni limfoma ya Burkitt, jina la daktari Denis Burkitt aliyeueleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Unapenda watoto wa sehemu zenye malaria nyingi, yaani kama huku kwetu Tabora. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waligundua kirusi kinachohusika nao, kwa kutumia vinyama vilivyotoka Uganda. Ubaya wake ni mbio: uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Uzuri wake, ukiwahiwa dawa zinauyeyusha na watoto wengi wanapona. Kwa hiyo kinachoua hapa ni kuchelewa.

Sasa kukata kinyama kunahitaji daktari wa upasuaji, halafu mtaalamu wa kukisoma kwenye hadubini, na wataalamu hao nchini ni wachache. Hapo ndipo inapoingia baiopsi ya majimaji. Seli za kansa zikifa zinamwaga vipande vya DNA kwenye damu. Unachukuliwa damu ya mkononi, inatenganishwa, na mashine inasoma vile vipande. Kwa Burkitt wanatafuta DNA ya kirusi pamoja na hitilafu kwenye jini inayoitwa MYC. Kirusi peke yake hakitoshi, maana wengi wetu tunacho toka utotoni na hatuumwi.

Na siyo mambo ya Ulaya tu. Utafiti wa AI-REAL umekijaribu kipimo hiki kwa watoto na vijana Muhimbili, KCMC na hospitali ya Lacor kule Gulu, Uganda, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford. Marekani iliidhinisha cha kwanza cha aina hii kwa kansa ya mapafu mwaka 2016, ili kujua dawa gani inamfaa mgonjwa.

Kwa kweli kwetu kinavutia, maana chupa ya damu inasafiri mbali kuliko daktari wa upasuaji. Ila inataka chupa maalumu, mashine ghali na watu waliosomea. Tena kipimo hakitibu, na majibu ya haraka bila dawa ni kazi bure.

Kwa hiyo wadau, tusikae kusubiri mashine. Mtoto akivimba taya, jicho likitokeza au tumbo likijaa ghafla, na hali inabadilika kila siku, mpeleke hospitali ya wilaya mapema. Muulize daktari wazi: je, inaweza kuwa kansa? Akikupa rufaa ya Kitete au Bugando, nenda wiki hiyo hiyo. Usingoje mavuno.