Ireland: Vijana wataka kucheza hadi asubuhi, sheria ya 1935 ingali mlangoni

Saa nane na nusu ya usiku, vilabu vya disko vya Dublin vinaacha kuuza vinywaji. Nusu saa baadaye taa zinawashwa, muziki unakatwa, na maelfu ya vijana wanajikuta barabarani kwa wakati mmoja, wote wakigombania taksi zilezile. Huko Berlin, Ujerumani, saa hiyo ndiyo watu wanaanza kufika.

Si kwamba Ireland haina watu wa kupiga muziki. Nchi hiyo imetoa madijei na watunzi wa house na techno wanaojulikana Ulaya yote. Tatizo ni mahali pa kupigia. Kufuatana na hesabu zinazotolewa na wenyewe katika kazi hiyo, mwaka 2000 kulikuwa na vilabu vya usiku zaidi ya 500 nchini humo. Zaidi kidogo ya miaka ishirini baadaye vilikuwa vimebaki 85 hivi.

Ili kuelewa namna mambo yalivyofika hapo, inabidi kurudi nyuma sana, wakati ambapo hata umeme ulikuwa haujafika vijiji vingi vya Ireland.

Mwaka 1935, Bunge lilipitisha sheria ya kumbi za dansi. Maaskofu na mapadri wa Kanisa Katoliki walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi kwamba dansi zinaharibu vijana. Kuanzia hapo, mtu yeyote aliyetaka kufungua ukumbi wa dansi kwa watu wote alipaswa kwenda kwa hakimu kuomba leseni. Hakimu naye alitakiwa kuchunguza tabia ya mwombaji, hali yake ya fedha, umri wa watu watakaokuja kucheza, hata mahali pa kuegesha magari. Dansi za nyumbani, zile ambazo majirani walikusanyika jikoni na fidla moja, nazo zikaanza kufuatwa na polisi katika sehemu kadhaa.

Kisa cha Jimmy Gralton kinaonyesha hali ilivyokuwa hata kabla ya sheria hiyo. Gralton alizaliwa katika jimbo la Leitrim, akaishi Marekani na kupata uraia huko, kisha akarudi kijijini kwao Effrinagh. Alikuwa mkomunisti, na ukumbi aliousimamia ulikuwa wa masomo, mikutano na dansi ya jazz. Padri aliupinga hadharani, watu wakaupiga risasi, na mwishowe ukachomwa moto. Mwaka 1933 serikali ilimfukuza kama mgeni, yeye aliyezaliwa pale pale. Alifariki New York mwaka 1945. Ilipofika 2016, rais Michael D. Higgins alikwenda Effrinagh na kukiri mbele ya watu kwamba kumfukuza kulikuwa kosa. Ken Loach alikuwa tayari ametengeneza filamu juu yake mwaka 2014.

Padri hana tena nguvu hizo Ireland, lakini leseni zake zimebaki.

Mwishoni mwa miaka ya 80, muziki wa house kutoka Chicago na techno ya Detroit vilipovuka bahari, havikusubiri Dublin. Mojawapo ya makao yake makubwa ilikuwa Cork, mji wa kusini, ndani ya jengo moja la barabara ya South Main lililoitwa Sir Henry's. Mahali hapo palijulikana kwa muziki wa rock. Nirvana walipiga pale Agosti 1991, kabla dunia haijawajua, wakitangulia Sonic Youth jukwaani. Lakini wakaaji wengi wa Cork waliokuwa vijana wakati huo wakisikia jina hilo wanakumbuka Sweat, usiku wa house ulioanzishwa mwaka 1988 na madijei wawili, Greg Dowling na Shane Johnson, wanaojulikana kama Fish Go Deep. Jina Sweat, yaani jasho, halikuwa la mapambo. Watu walisafiri kutoka miji mingine kwa ajili ya usiku huo, na ulidumu zaidi ya miaka kumi. Sir Henry's ilifungwa mwaka 2003, jengo likabomolewa. Mwaka 2014 maktaba ya chuo kikuu cha Cork iliweka maonyesho ya kumbukumbu zake: picha, matangazo ya karatasi, tiketi. Si disko nyingi duniani zinazoishia maktabani.

Belfast, upande wa kaskazini unaotawaliwa na Uingereza, ilikuwa na uzito wa namna nyingine. Mwaka 1990 mji huo ulikuwa bado katika vita kati ya wanamgambo wa Kikatoliki, wa Kiprotestanti na jeshi la Uingereza. Katikati ya mji kulikuwa na malango ya chuma na upekuzi. Mkatoliki na Mprotestanti walisoma shule tofauti, waliishi mitaa tofauti, walikunywa katika baa tofauti. Wakati huo David Holmes na Iain McCready walikuwa wakiandaa usiku ulioitwa Sugar Sweet katika chuo cha sanaa. Pale ndani hakuna aliyemwuliza mwenzake anatoka mtaa gani, swali ambalo nje lingeweza kumgharimu mtu maisha. Ni kweli, dansi haikumaliza vita. Makubaliano ya amani yalikuja mwaka 1998, yakiletwa na wanasiasa. Lakini kwa saa chache kulikuwa na chumba ambamo kanuni za mitaani hazikufanya kazi. Kundi la Kiingereza Orbital lilipiga pale, kisha likaupa mmoja wa miziki yake jina la mji huo. Holmes alikuja kutunga muziki wa filamu za Hollywood.

Kutoka Belfast hiyohiyo walitoka Matt McBriar na Andy Ferguson, wanaoitwa Bicep. Leo makao yao ni London. Or:la wa Derry alijijenga Liverpool. Mano Le Tough, wa Greystones karibu na Dublin, alihamia Berlin. Orodha hiyo ingeweza kuendelea, na ndiyo hasara ambayo haionekani katika hesabu ya vilabu vilivyofungwa.

Dublin yenyewe imepoteza nafasi moja baada ya nyingine. Twisted Pepper ilifungwa mwaka 2015. District 8, iliyokuwa ndani ya jumba la maonyesho la Tivoli, ilifunga milango Januari 2019. Jumba likabomolewa ili kujenga hoteli. Bei ya kiwanja katikati ya Dublin imepanda mno, na mwenye jengo hana haja ya kufikiri muda mrefu: hoteli inalipa kila usiku, disko inalipa mara mbili au tatu kwa wiki.

Tena hiyo disko ina mzigo wake. Ili kuuza vinywaji baada ya saa za kawaida za baa, klabu lazima iombe ruhusa mahakamani kwa kila usiku inaofungua. Kila ruhusa ilikuwa euro 410. Klabu inayofanya kazi siku tatu kwa wiki ilitoa karibu euro 64,000 kwa mwaka, kabla ya kulipa kodi ya nyumba, walinzi, dijei na wakili. Klabu ndogo ya watu 150 ililipa sawa na ile ya watu elfu moja. Ndiyo maana muziki usiokuwa na wateja wengi ulikuwa wa kwanza kukosa mahali, na baadhi ya vijana wakaamua kubeba spika zao hadi msituni au katika maghala matupu.

Dijei wa techno Sunil Sharpe ndiye sura ya kampeni ya Give Us The Night, inayodai sheria hizo zibadilishwe. Korona, iliyofunga disko za Ireland tangu Machi 2020 hadi Oktoba 2021, ilifanya sauti yao isikike zaidi. Mwaka 2022 serikali ilipunguza gharama ya ruhusa kwa nusu, hadi euro 205. Oktoba ya mwaka huo, waziri wa Sheria Helen McEntee alitangaza mpango wa sheria mpya: vilabu vifunguliwe hadi saa kumi na mbili asubuhi, na sheria ya 1935 ifutwe.

Wapinzani walitokea pia, hasa madaktari na watu wanaopambana na ulevi, wakisema saa nyingi za pombe zitajaza vyumba vya dharura hospitalini. Hoja yao si ya kudharauliwa katika nchi yenye historia ndefu ya ulevi. Watetezi wa vilabu wanajibu kwamba kuwatoa watu wote nje saa moja ndiko kunakoleta fujo.

Bunge lilivunjwa Novemba 2024 kwa ajili ya uchaguzi. Mswada ulikuwa haujapitishwa.