Ndege wa Kasenyi Hawataki Haraka

Tuliwasili Kasenyi, wilayani Kasese, alfajiri, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth iliyoanzishwa mwaka 1952 na yenye aina zaidi ya 600 za ndege. Katika ziwa la chumvi la Bunyampaka walisimama heroe, vichwa chini, wakichuja chakula majini kwa midomo iliyopinda. Mmoja wetu, akiitamani picha ya karibu, alishuka garini. Kundi zima likaruka, kamera ikanasa maji matupu. Kosa hilo, ndugu msomaji, askari hasamehewi akiwa doriani! Ndege aliyefukuzwa hupoteza mlo na nguvu pia. Tukazima injini, tukanyamaza, darubini mkononi. Kereng'ende mwekundu akatua juu ya kioo cha pembeni, akapigwa picha. Heroe walirejea wawili tu.