Uzamili wa Fedha kwa Atakaye Kazi ya Sokoni (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulitenganisha watu wawili: kijana anayekesha na chati za sarafu kwenye simu huko Donholm, akicheza na akiba yake, na mwajiriwa anayenunua na kuuza kwa fedha za benki. Leo tumwangalie huyu wa pili, na darasa litakalomfaa.

Kwanza ajue kazi iko wapi. Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, lakini fedha nyingi zinazopita humo siku hizi ni za hati fungani za serikali, si za hisa. Wanaozishughulikia wako katika idara za hazina za benki, kampuni za udalali na kwa mameneja wa mifuko ya pensheni. Dola nazo huuzwa huko huko benki. Kwa hiyo kozi inayopitia riba juu juu haimfai, hata ikiwa na jina kubwa.

Mimi ningempima mhadhiri kwa Februari 2024. Mwezi huo Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13. Serikali ikakopa dola bilioni 1.5 ng'ambo ili ianze kulipa deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni, kisha ikauza hati ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46. Shilingi, iliyokuwa imefika takriban 160 kwa dola mwezi Januari, ilikuwa karibu 130 Machi ikiisha. Agosti riba ya Benki Kuu ikaanza kushuka, na hati ile ya 18.46 ikawa lulu. Je, aliyeinunua mwanzoni angepata kiasi gani kwa kuiuza baadaye? Anayeweza kukokotoa hilo ubaoni, na kueleza kwa nini hofu ya deni moja iliitikisa shilingi, huyo ana la kukufundisha.

Uzamili wa fedha wa Chuo Kikuu cha Nairobi ni mpana: uwekezaji, fedha za kampuni, utafiti. Strathmore ina uzamili wa hisabati ya fedha, ambao haumhurumii asiyejua kalkulasi. MBA ni ya mameneja, tuiache.

Tena si lazima uzamili uwe wa kwanza. Mwenye shahada ya takwimu aliyefaulu ngazi ya kwanza kati ya tatu za CFA, mitihani ya kimataifa ya wachambuzi wa uwekezaji, au anayefanya ile ya CIFA ya bodi ya mitihani ya KASNEB, kwa maoni yangu atafute kazi kwanza, hata ile ya kuhakiki miamala.

Kabla ya kulipa ada, omba mtaala wote, kisha zungumza na wahitimu wanaofanya kazi hiyo sasa. Juma lijalo tutazungumzia ada na mikopo ya elimu ya juu ya HELB.