Kidato cha Mwisho Kinachotukwaza

Kuna hosteli moja ambayo sitaitaja, ila waliowahi kuishi humo wataijua tu. Ukipanda kutoka chini kwenda ghorofa ya kwanza, kidato cha mwisho kabisa kinakushika mguu. Wageni wanajikwaa, wenyeji wameshazoea kuinua goti zaidi kidogo bila hata kufikiri. Muhula uliopita maji yalikatika, umeme nao ukaenda zake, na mwenzangu wa chumbani akawa anapandisha ndoo ya lita 20 kichwani, gizani. Alipofika pale pale, chini. Ndoo ikapasuka, yeye akavunjika mkono wa kulia, wiki mbili kabla ya mitihani.

Mimi nasoma usanifu majengo, kwa hiyo watu wakanigeukia: "Si nyie ndio mnachora hivi vitu?" Nikachukua futi nikaenda kupima. Vidato vya katikati vilikuwa na kimo cha milimita 175, vinapishana kidogo sana. Cha kwanza kilikuwa 135. Cha mwisho 215. Nikaishiwa nguvu, maana ngazi ya namna hiyo niliwahi kuichora mwenyewe mwaka wa pili, na alama nzuri nikapata.

Sasa twende taratibu, hata wewe wa sheria au uhasibu utaelewa.

Ngazi haianzii kwenye kompyuta, inaanzia mguuni. Kila kidato kina vipimo viwili: kimo, ambacho studio tunakiita raiza, na upana wa pale unapokanyaga, yaani tredi. Tangu karne ya 17 Mfaransa François Blondel alihesabu kwamba kupanda juu ni kazi mara mbili ya kwenda mbele, akaweka kanuni ambayo tunaitumia mpaka leo: raiza mara mbili, jumlisha tredi moja, upate hatua moja ya mtu mzima. Siku hizi wengi wanalenga jumla ya milimita 600 hadi 650.

Chukua mfano. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni milimita 3,150. Gawa kwa 175, unapata raiza 18 kamili, hakuna kinachobaki. Tredi ukiipa 280, kanuni inakupa 630. Safi. Ngazi ikipanda moja kwa moja, tredi zitakuwa 17, siyo 18, kwa sababu kidato cha mwisho ni sakafu yenyewe ya juu. Hapo mwaka wa kwanza wengi tunaliwa alama. Tredi 17 za 280 ni milimita 4,760, karibu mita tano. Kama nafasi hiyo huna, igeuze katikati: raiza tisa kwenda, tisa kurudi. Kila upande utakula milimita 2,240, ukiongeza pale pa kugeukia, ambapo pasiwe pembamba kuliko ngazi yenyewe. Usisahau kichwa pia: juu ya kila kidato acha mita 2 wima, mtu asigonge boriti.

Baada ya hapo ndipo ufungue programu. AutoCAD haijui kama unachora ngazi, inajua mistari tu. Unachora mstari wima wa 3,150, unaugawa vipande 18 kwa amri ya DIVIDE, unachora kidato kimoja na kukinakili mpaka juu. Revit ina akili zaidi: unaiambia ngazi inaanzia levo ipi na inaishia ipi, unaipa kimo cha juu kabisa unachokubali, yenyewe inagawa. Ngazi isipofika juu inakulalamikia. Ndiyo maana tunaiamini kuliko inavyostahili. Inagawa sawasawa umbali uliopewa, lakini haikuulizi umbali huo umeupima kutoka wapi hadi wapi.

Zege likishakauka, jengo bado. Juu ya slabu inakuja saruji ya kusawazisha, halafu gundi, halafu marumaru. Tuseme vyote pamoja ni milimita 70. Kwenye vidato mambo ni mepesi zaidi, fundi anabandika marumaru na unene wote unakuwa 30. Sasa wewe uligawa 3,150 kutoka slabu hadi slabu, na fundi akamwaga vidato vya 175 kama ulivyochora. Chini, sakafu imepanda 70 na kidato cha kwanza kimepanda 30, kwa hiyo kimo kinabaki 135. Juu, kidato cha mwisho kimepanda 30 na sakafu ya ghorofa imepanda 70, kwa hiyo kimo kinakuwa 215. Ndizo namba zangu za hosteli. Na kwa kuwa sakafu zote mbili zimepanda sawa, jumla inabaki 3,150 ile ile, kosa linajificha.

Utasema milimita 40 ni nini, si upana wa vidole viwili tu? Lakini mguu hauangalii, unakumbuka. Ukishapanda vidato viwili vitatu, mwili umekariri kimo na unautupa mguu kwa kipimo hicho hicho. Kanuni za nyumba za kuishi zinazotumika sehemu nyingi za Marekani zinataka raiza ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote zisipishane zaidi ya milimita 9.5. Zetu zinapishana 80. Mwenye ndoo kichwani haoni miguu yake, aliyebeba godoro haoni, na umeme ukikatika hakuna anayeona.

Dawa yake ni kugawa kutoka juu ya marumaru hadi juu ya marumaru, kisha kurudi nyuma kwenye zege. Kwa mfano wetu, kidato cha kwanza cha zege kiwe 215, vya katikati 175, cha mwisho 135. Yaani zege liwe baya kwa makusudi ili ngazi ikikamilika iwe sawa. Kwenye Revit, hakikisha levo zako ni za sakafu iliyokamilika; kama umezipokea kwa mhandisi, muulize kwanza ni za zege au za marumaru. Kwenye AutoCAD, chora mistari yote miwili kwenye mkato wa ngazi, wa zege na wa marumaru. Halafu andika vipimo na maelezo yanayosomeka, maana fundi akiona 215 chini na 135 juu bila maelezo, atadhani umekosea, na kwa wema wake atakurekebishia.

Nimeufungua tena ule mchoro wangu wa mwaka wa pili. Rangi zimekaa vizuri, hata watu wadogo wa kupamba niliwaweka wakipanda. Unene wa marumaru haupo popote.

Mwenzangu atafanya mitihani maalumu Septemba. Ngazi ile hawataibomoa leo wala kesho, tunajua. Lakini mstari wa rangi nyeupe kwenye vile vidato viwili, na taa ya betri pale juu, havisubiri bajeti ya mwaka. Vipimo nimeshavipeleka serikali ya wanafunzi. Na wewe unayekesha studio, kabla hujatuma kazi yako, chukua futi uende kwenye ngazi iliyo karibu nawe. Pima kidato cha kwanza na cha mwisho, kisha rudi uangalie mchoro wako.